Njoo na maneno yako: jinsi ya kuchagua dikshenari ya Kiingereza ukubwani

Usije dukani mikono mitupu. Mtu akiingia kwangu hapa Mwanga, Kigoma, akasema "naomba dikshenari nzuri ya Kiingereza", namuuliza kwanza: ya kufanyia nini? Wengine hununa. Wamekuja na hela mkononi, halafu mwenye duka anawahoji kama afisa uhamiaji. Lakini dikshenari inayomfaa nesi wa zahanati si lazima imfae kijana wa boti anayepeleka watalii Gombe, na ile inayowatosha hao wawili itamlemea mama anayeanza leo kujifunza kusalimia.

Fanya hivi. Kwa wiki moja kabla ya kununua, tembea na karatasi mfukoni. Kila neno la Kiingereza litakalokukwamisha, liwe kwenye tangazo la kazi, kwenye boksi la dawa, kwenye fomu ya mzigo au kwenye ujumbe wa simu, liandike pamoja na sentensi nzima ulimolikuta. Sentensi nzima, si neno peke yake, utaona sababu. Yakifika manane au kumi yanatosha. Hayo ndiyo utakayokuja kuyatafuta ndani ya kila kitabu kabla hujalipa. Vuta kiti, kaa, fungua. Muuzaji asiyetaka ufungue kitabu, mwachie kitabu chake.

Na hata mimi usiniamini sana. Kitabu kinene kinanipa faida kuliko chembamba, kwa hiyo ukinisikia nasifia unene, au nakusomea ile idadi ya maneno iliyoandikwa kwenye kava, ujue hapo ni biashara inaongea. Mtu mzima anayejifunza hahitaji maneno laki moja. Anahitaji maneno elfu chache yaliyoelezwa vizuri na kuwekewa mifano. Mifano ndiyo ninayoitazama mwenyewe ninapoletewa mzigo mpya. Kamusi isiyo na sentensi za mfano naiweka rafu ya chini kabisa, anayeitaka ataiulizia.

Ya lugha mbili inakufikisha wapi

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ndiyo karibu kila mtu anaanza nayo, na ni sawa. Inayojulikana zaidi ni ile ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996. Toleo la tatu ni la 2006. TUKI yenyewe siku hizi inaitwa TATAKI, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hivyo usishangae ukisikia walimu wakitumia jina moja na kava likisema jingine. Kwa majina ya vitu, kamusi ya lugha mbili haina mpinzani. "Kidney" ni figo, umemaliza. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza itakuzungusha na habari za kiungo kinachochuja damu. Ukitafuta "cassava" itakueleza kuwa ni mmea wa nchi za joto wenye mizizi inayoliwa. Mtu wa Kigoma aanze kuelezwa muhogo?

Kwenye vitabu vya mtumba hujitokeza pia ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyochapwa tena na tena kwa miaka mingi. Ni kazi ya heshima, na mpenzi wa Kiswahili cha zamani ataifurahia. Anayeomba kazi ya ofisini asiitegemee. Ilipoandikwa hapakuwa na intaneti wala simu ya mkononi.

Sasa toa karatasi yako. Chukua neno "duty". Wateja wangu wengi wanasoma masomo ya jioni, na neno hili wanakuja nalo watu wawili wasiofanana kabisa. Nesi amelikuta kwenye "on duty". Wakala wa forodha wa bandarini amelikuta kwenye "customs duty". Wa kwanza anatafuta zamu, wa pili anatafuta ushuru. Kamusi ya mfukoni ikikupa "wajibu" peke yake kisha ikaruka kwenda neno lingine, imewaacha wote wawili njiani. Na hilo "customs" nalo ni mtego: ukilitafuta bila "s" ya mwisho unapewa mila na desturi, mtu anabaki kujiuliza mila za bandarini ni zipi. Kamusi nzuri inazipanga maana kwa namba, moja, mbili, tatu, na kila maana ina mfano wake. Ndiyo maana nimekwambia uandike sentensi nzima: bila sentensi hutajua namba ipi ni yako.

Halafu kuna vitenzi vinavyobadilika vikipewa kijineno nyuma. Matangazo ya kazi za mashirika kule Kasulu na Kibondo, yale ya makambi ya wakimbizi, yamejaa "carry out". Kijana anatafuta "carry", anapata beba; anatafuta "out", anapata nje; anaunganisha, anapata kazi ya ukuli. Kumbe "carry out" ni kufanya au kutekeleza, na wanataka mtu wa kufanya tathmini. Kwa hiyo ukiwa dukani fungua "carry", "put", "take" na "get". Kama chini yake hukuti "carry out", "put off", "take over" na ndugu zao, kila kimoja kikiwa na maelezo yake, rudisha kitabu rafuni hata kama kava lake linang'aa.

Jingine ni mpangilio wa sentensi, na hapa kamusi nyingi za lugha mbili hunyamaza kabisa. Sisi tunasema "nieleze", yule anayeelezwa amekwisha kuingia ndani ya kitenzi. Ndiyo maana Watanzania wengi husema "explain me". Kamusi inayojua kazi yake itakuonyesha kuwa ni "explain something to somebody", na mfano itakupa. Vivyo hivyo "borrow" na "lend": kwa Kiswahili unaweza kusema "niazime" na "nimeazima" ukabaki kwenye kitenzi kilekile, lakini kwa Kiingereza mtoaji ana neno lake, "lend", na mpokeaji ana lake, "borrow". Kamusi ikiandika "azima" kwenye yote mawili haijasema uongo, ila haijakusaidia pia.

Kiingereza kwa Kiingereza, lakini si yoyote

Hapo ndipo unapohitaji ya pili. Angalia sana, kwa sababu kwenye rafu zinafanana. Zipo zilizoandikwa kwa ajili ya wenye lugha yao, na zipo zilizoandikwa kwa ajili yetu tunaojifunza. Ile ya wenyewe inachukulia kwamba sarufi unaijua toka kwa mama yako. Itakupa maana ya "luggage", basi. Ya wanaojifunza itaongeza alama, "uncountable" au herufi U, kukuonya kwamba neno hilo halihesabiwi. Wabeba mizigo wa stesheni na wa bandarini husema "your luggages, sir" kwa sababu kwetu mizigo ni mingi, na wako sahihi kabisa kwa Kiswahili. Jaribu "advice", "information" na "furniture" kwenye kitabu ulichoshika. Kama hakuna alama yoyote, umeshika kamusi ya Waingereza wenyewe, au ya bei rahisi iliyonakiliwa kutoka kwao.

Nyingi za wanaojifunza zina neno "Learner's" kwenye kava. Ya Longman haina kwenye jina lake, inaitwa Longman Dictionary of Contemporary English, lakini ni ukoo huohuo. Ukoo wenyewe ulianzia mbali na Uingereza: A. S. Hornby, mwalimu wa Kiingereza aliyefanya kazi Japani, ndiye aliyeandaa pamoja na wenzake kamusi iliyotoka Tokyo mwaka 1942. Oxford wakaitoa upya mwaka 1948, na hiyo ndiyo imekuja kuwa Oxford Advanced Learner's Dictionary, iliyofika toleo la 10 mwaka 2020. Mtu aliyesimama mbele ya wanafunzi wenye lugha nyingine anajua wanajikwaa wapi, na unaliona hilo ndani ya kitabu.

Longman walipotoa yao mwaka 1978 walijifunga kamba wenyewe: maelezo yote yaandikwe kwa maneno kama 2,000 tu ya kawaida. Maana yake ukiyajua hayo elfu mbili, kitabu kizima unakisoma. COBUILD ya Collins na Chuo Kikuu cha Birmingham, ya mwaka 1987, ikaja na ujanja wake: maelezo yake ni sentensi kamili, kama mtu anavyomfafanulia mwenzake, badala ya vipande vya maneno. Wateja wangu waliomaliza darasa la saba, wakarudi shule ukubwani kwa ajili ya mtihani wa maarifa (QT), ule wa kumfungulia mtu njia ya mtihani wa kidato cha nne, hii ya sentensi kamili huielewa haraka. Wale waliofika kidato cha nne wanapenda ya Oxford, nadhani kwa sababu jina wanalijua. Kwangu zote mbili ni nzuri. Cambridge nao wana yao tangu 1995. Macmillan yao ilikuwa nzuri sana, lakini mwaka 2012 walitangaza kuacha kuchapa ya karatasi, na 2023 hata tovuti yake ikafungwa. Ukiikuta ya mtumba ikiwa nzima, inunue.

Tatizo ni hilo neno "Advanced". Zina kurasa zaidi ya elfu na uzito wa tofali, na wanaozinunua wengi wao hawajafika huko. Kila kampuni ina za hatua ya chini na ya kati, nyembamba zaidi, na ndizo ninazowashauri watu wazima wengi. Hazileti sifa ukiziweka mezani. Zinasomeka.

Kujua hatua yako ni rahisi. Tafuta neno ambalo tayari unalijua kabisa, kama "salt", "boat" au "fish", usome maelezo yake ya Kiingereza. Ukikutana na maneno mawili au zaidi usiyoyajua ndani ya maelezo ya chumvi, kitabu hicho kimekuzidi kwa sasa, shuka hatua. Neno unalolijua ndilo kipimo, kwa sababu hapo maana huitafuti, unapima maelezo tu. Kisha tafuta "went", "bought" na "children". Aliyeanza karibuni hajui kwamba "went" inakaa kwenye "go", na kamusi ya hatua ya chini inapaswa kumwelekeza. Sisi tumezoea kwetu, tukikuta "wamekwenda" tunajua ni pa kuanzia. Lugha ya mwenzio mpaka uonyeshwe.

Matamshi

Liemba, ile meli yetu ya Ziwa Tanganyika, si kondoo. Nimewasikia vijana wanaotembeza wageni wakisema "sheep" wakimaanisha meli, na mgeni anaangalia huku na huku. Kiswahili hakina tofauti ya namna hiyo kati ya "ship" na "sheep", kwa hiyo sikio haliisikii na mdomo hauitoi. Kamusi inayofaa inaweka alama za matamshi pembeni ya neno: irabu ndefu hufuatwa na nukta mbili, na kijimstari cha juu hutangulia silabi inayokazwa. Funguo ya alama hizo huwa kwenye kurasa za mwanzo, ndani ya kava au chini ya kurasa. Itafute, uone kama inaeleweka.

Hicho kijimstari kina thamani kuliko watu wanavyodhani. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri, halafu tunahamishia tabia hiyo kwenye Kiingereza. "Interview" inakazwa mwanzo. "Refugee" inakazwa mwisho. Ukienda kwenye usaili Kasulu ukayatamka yote mawili Kiswahili-Kiswahili, anayekuhoji ataelewa, ila atakuwa anafanya kazi ya ziada.

Hapa simu inaishinda karatasi, nakubali. Tovuti za kamusi za Oxford, Cambridge na Longman zinafunguka bure, ukibonyeza kile kipaza sauti unamsikia Mwingereza na Mmarekani, kila mmoja kwa lafudhi yake. Simu inasaidia pia pale unaposikia neno usilojua linaandikwaje. Mtu anasikia "nolej", anatafuta kwenye N mpaka jioni, kumbe neno ni "knowledge", linaanza na K isiyotamkwa. Ila usichanganye kamusi na programu za kutafsiri. Hizo zinakupa neno moja na kukuacha. Hazikwambii kama linahesabiwa, kama ni la heshima au la mtaani, wala linaandamana na nini. Programu za bure zenye jina la kamusi na matangazo kila ukigusa, zipime kwa karatasi yako ileile. "Duty", "carry out", "explain". Nyingi hazimalizi la kwanza.

Na bando linaisha. Ukiwa ndani ya boti kuelekea Mahale, mtandao unapotea muda mrefu, na hapo ndipo mgeni anapokuuliza yule ndege anaitwaje.

Karatasi yenyewe

Macho. Nalisema kwa sababu vitabu vya mwongozo huandikwa na vijana. Aliyepita miaka arobaini asinunue kamusi ya mfukoni kwa kuwa tu ni ndogo na rahisi. Herufi zake ni ndogo mno, na alama za matamshi ndiyo kabisa. Isome dukani kwa mwanga wa ndani, usitoke nayo juani, kwa sababu wewe utaisoma usiku.

Kuna kopi za kudurufu sokoni. Utazijua: karatasi inaonyesha upande wa pili, alama za matamshi zimegeuka vidoa, pembeni maandishi yamekatika. Longman huyachapa maneno ya kawaida kwa wino mwekundu ili ujue ya kuanza kujifunza. Kopi ya rangi nyeusi tupu imekupokonya msaada huo. Oxford hutumia kijialama cha ufunguo kwa yale 3,000 ya msingi. Pitisha kidole haraka herufi hadi herufi, maana kwenye kopi mbovu unaweza kukuta P inaishia katikati na R imeanza. Kamusi halali ya mtumba, hata iliyochakaa, hata ya toleo la miaka kumi iliyopita, ni bora kuliko kopi mpya inayong'aa. Maneno "borrow" na "duty" hayajabadilika.

Kwa ndugu zetu wa kutoka Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa, ambao hapa Kigoma ni wengi, nina ushauri tofauti. Kama masomo yako uliyasoma kwa Kifaransa, kamusi ya Kifaransa kwa Kiingereza itakufaa kuliko ya Kiswahili, kwa sababu maneno ya kitaalamu unayo tayari kichwani na mengi yanafanana. Ila yapo yanayofanana sura tu. Kaka mmoja wa Uvira huita duka langu "library", kwa sababu kwao "librairie" ni duka la vitabu. Maktaba ni kitu kingine, na ipo: kabla hujatoa hela, nenda maktaba ya mkoa, omba uzione kamusi walizonazo, jaribu karatasi yako huko bure. Ukirudi kwangu utakuwa unajua jina la unachotaka, na mimi sitaweza kukuuzia kingine.

Kama hela ni ya kamusi moja tu: anayeanza achukue ya lugha mbili yenye mifano, na simu imsaidie matamshi. Anayeweza kusoma aya fupi ya Kiingereza akaelewa nusu yake, achukue ya wanaojifunza ya hatua ya kati. Kiswahili chake atakitoa kichwani. Zile nene za "Advanced" ni za wa chuoni, wa ofisini na wanaoandika ripoti. Anayesafiri majini aifunge kwenye mfuko wa nailoni, kamusi iliyolowa haifunguki tena kwenye S. Na usiandike jina lako ukurasa wa kwanza siku hiyohiyo. Itumie siku mbili tatu kwanza na maneno mapya, si yale ya kwenye karatasi. Ikikataa, ilete ikiwa safi nikubadilishie. Ikishakuwa na jina na namba ya simu ya mtu, hata mimi siwezi kuiuza tena.